Lushoto: Hoteli ya Kifahari, Dakika Kumi kutoka kwa Mama Mkwe

Julai, tulipokaribia kutimiza miaka saba ya ndoa, mimi na mume wangu tulikuwa tunaongea kwa meseji. Si kwamba mmoja wetu alikuwa safarini. Yeye yuko sebuleni, mimi niko chumbani, simu inalia: "Ada ya shule umelipa?" Namjibu: "Bado." Basi, mazungumzo ya siku yamekwisha. Hatukuwa tumegombana, na hilo ndilo lililonitisha, manake wanaogombana angalau wanakaa chumba kimoja.

Nikakumbuka yale ninayowaandikia nyie wasomaji wangu kila mwezi: tokeni, badilisheni hewa, watoto wapelekeni kwa ndugu, simu zimeni. Kuandika ni rahisi. Usiku ule nikaanza kuperuzi, nikakutana na picha ya nyumba moja ya zamani kwenye milima ya Usambara, juu ya mji wa Lushoto. Kuta za mawe na tofali, dohani mbili, bustani ya mawaridi, na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, uma tatu tatu kwa kila sahani. Nikamtumia mwenzangu, kwa meseji kama kawaida yetu. Akajibu dakika ileile: "Twende."

Hapo nilipaswa kushtuka. Mume wangu ni Msambaa. Nyumba aliyozaliwa iko dakika kumi kwa gari kutoka kwenye meza hiyo ya uma tatu tatu, na mama yake anaishi humo, mzima wa afya. Mwanamume anayekubali kulala hoteli haraka namna hiyo, karibu na mlango wa mama yake, ana jambo.

"Na Mama je?" nikamuuliza, safari hii kwa mdomo.

"Mama tutampitia Jumapili wakati wa kushuka. Tutamwambia ndiyo kwanza tunafika."

Sasa hapa niseme ukweli, kwa kuwa nyie ni wenzangu. Nilipaswa kukataa na sikukataa. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini mke wa mtu akienda ukweni haendi kupumzika. Unaamka kabla ya kuku, unafagia ua, unapiga goti kusalimia mashangazi mpaka goti lenyewe linaomba likizo, na mume wako unamwona kwa mbali akipita na binamu zake. Mimi nilitaka siku mbili za kuletewa chai. Nikanyamaza. Tukalipa nusu kwa M-Pesa, watoto tukawapeleka kwa dada yangu Tabata, safari ikaiva.

Jina la hoteli sitalitaja, na si kwa ubaya. Mhudumu wake mmoja alitufanyia jambo ambalo mimi naliita wema, ila mwajiri wake anaweza kuliita kosa. Mtaona.

Kwa gari dogo kutoka Dar, hesabu saa sita mpaka saba, kama foleni ya Kimara na Kibaha itakuhurumia. Wa mabasi wanapandia Stendi ya Magufuli, Mbezi, na yapo yanayokufikisha Lushoto kwenyewe bila kubadilisha. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Mpaka hapo ni joto, mashamba ya mkonge, na matuta ya barabarani yanayokuchokoza mgongo. Mombo unakata kulia, na hapo ndipo safari inapoanza.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini zote ni za kupanda. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Mjerumani, nyembamba, kona juu ya kona. Upande mmoja jiwe, upande mwingine hewa. Mvua zikizidi, mawe na udongo huporomoka, kwa hiyo masika ulizia kwanza kabla hujaondoka. Na usiku usiijaribu kama huijui. Malori ya mboga yanashuka yamebeba kabichi hadi juu ya kichwa cha dereva, na madereva wake wanaijua kila kona kwa jina, wewe huijui. Soni tukasimama kidogo kuangalia maporomoko ya maji, ambayo yako pale pale kando ya barabara. Hapo njia ya kwenda Vuga na Bumbuli inachepuka. Kiyoyozi tulikuwa tumeshakizima, na kabla ya Lushoto mjini tukapandisha na vioo.

Mji wenyewe uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, wakimpa heshima Kaiser wao, na maofisa waliochemka kwa joto la pwani walipanda huku kutafuta baridi ya kwao. Waingereza waliowafuata baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakaikuta starehe iko tayari, nao wakaiendeleza. Ndiyo maana milima hii ina nyumba za kizungu zenye meko ya ukutani, na baadhi yake leo ni hoteli. Siku hizi mjini kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, hivyo usishangae kumkuta kijana amevaa suti kamili sokoni, anapatana bei ya karoti.

Tulipita mji, tukapanda tena kuelekea msitu wa Magamba, kisha tukaiacha lami na kuingia barabara ya udongo mwekundu. Mume wangu aliyekuwa akiimba tangu Korogwe akanyamaza. Tulipokaribia njia panda ya kijiji chao akashusha kofia hadi kwenye nyusi. Mtu mzima, meneja wa watu, anajificha ndani ya gari lake mwenyewe.

Nyumba haikuwa na uongo wa picha. Kama umezoea hoteli za vioo za Dar, hapa utahisi umeingia nyumbani kwa mtu tajiri aliyetoka kidogo. Sakafu ya mbao inalia ukikanyaga. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kirefu, mablanketi manne ya sufi, na dirisha linalotazama bustani na ukungu unaopita chini yake. Saa kumi na mbili jioni kijana akaja kuwasha moto wa kuni za mkaratusi kwenye meko. Baadaye nikakuta chini ya shuka kitu cha mpira, laini, cha moto, nikapiga ukelele. Kumbe ni chupa ya maji ya moto ya kupashia kitanda. Dada, Julai huku usiku baridi si ya mchezo, na ile gauni ya kamba mabegani uliyobeba kwa ajili ya mahaba utaivalia sweta juu. Beba soksi.

Na sasa chakula, ambacho ndicho kilichotupeleka.

Mlo wa usiku ni mmoja, saa moja na nusu, kwa wote, na huchagui. Kozi tano. Ilianza supu ya liki na viazi, nzito, juu imemwagiwa krimu kidogo. Ikafuata saladi ya majani ambayo asubuhi ile yalikuwa bado shambani, na jibini nyeupe ya pale pale mlimani. Kisha pai ndogo ya uyoga. Kisha mguu wa kondoo uliookwa polepole na rozmari, ukitengana kwenye mfupa bila kisu, pembeni karoti ndogo zikiwa bado na vishina vyake vya kijani. Mwisho pudingi ya moto yenye jemu ya plamsi. Nimekula hoteli kadhaa kubwa mjini kwa ajili ya kazi hii, na nasema bila kumwogopa mtu: sijawahi kula karoti yenye ladha kama ile. Sababu haina siri. Karoti ya Lushoto tunayoila Dar imelala kwenye gunia, imesafiri juu ya lori, imelala tena sokoni Ilala. Ya pale ilikuwa imetembea mita mia mbili.

Kuhusu uma tatu, kanuni ni kuanza wa nje na kuingia ndani. Tulikosea wote wawili kwenye saladi, tukacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka naye kabla ya hapo.

Mtandao wa simu pale mezani ni wa kubahatisha, kwa hiyo kati ya kozi na kozi huna pa kukimbilia isipokuwa kwa uliyekaa naye. Ilipofika pudingi, mwenzangu akakitazama kijiko chake kwa muda mrefu.

"Haya plamsi," akasema, "nilikuwa nayaleta hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Nikiwa darasa la nne, la tano. Mama anabeba tenga, mimi nabeba ndoo. Tunapita nyuma, jikoni. Mpishi anachambua, yaliyobonyea anaturudishia. Mbele huku sijawahi kufika. Nilikuwa nauona huu mwanga wa madirisha tu tukiondoka."

Miaka saba ya ndoa, watoto wawili, na hilo sikulijua. Nikaelewa ile "Twende" ya dakika moja ilitoka wapi. Nilitaka kuuliza mengi, lakini mhudumu akaja kuondoa sahani, kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, akamwangalia mume wangu usoni mara mbili. Tulikuwa tumeandika majina kwenye kitabu cha wageni. Sikuwaza lolote.

Asubuhi maji ya moto hayakutoka. Tanuri linawashwa kwa kuni na kuni zilinyeshewa, tukaambiwa, pole sana. Kwa bei ile, ambayo kwa usiku mmoja inakaribia nusu ya kodi yetu ya nyumba ya mwezi, nilitegemea mtu awe amefikiria kufunika kuni. Nilikuwa bado nanung'unika pale simu ya mume wangu ilipolia. Mtandao uliokataa usiku kucha ukakubali wakati huo. Kioo kimeandika: MAMA.

Akapokea, akaweka sauti ya nje bila kukusudia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmelalaje?"

"Salama, Mama, huku Dar..."

"Huko juu kuna baridi. Mwambie mkwe wangu avae soksi."

Akakata.

Yule mhudumu, kumbe, anaimba kwaya usharikani kwa Mama. Alimpigia usiku uleule kumpa hongera ya ugeni. Kwa Wasambaa wenzake hilo ni jambo la kawaida kabisa: mtoto wa mtu amekuja, mama yake ataachaje kujua?

Wapenzi wasomaji, tuligombana. Kwenye baraza, mbele ya mawaridi, wazee wawili wa Kizungu wakijifanya wanasoma kitabu. Yeye akasema mimi ndiye nisiyependa kwao. Nikamuuliza nimesema hivyo lini. Akasema, "Husemi! Hilo ndilo tatizo, husemi, unanyamaza tu halafu mimi najua." Nikamwambia na yeye je, mtu wa kushusha kofia njia panda, anamwonea aibu mama yake au anajionea aibu mwenyewe? Hapo nilivuka mpaka, najua. Akanyanyuka akaenda bustanini. Lakini nataka muelewe kwamba huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza wa maana tangu mwaka uanze, na ndani ya shida yote ile kulikuwa na kitu kama nafuu. Angalau tulikuwa tunaongea.

Matembezi yalikuwa yamepangwa na kulipiwa, basi tukaenda. Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2010, msitu wa mvua wenye miti mirefu iliyofunikwa kuvu na ndevu za kijani, na unaingia na mwongozaji. Tulitembea saa nzima bila neno. Mbega weusi kwa weupe wakatupita juu vichwani wakiruka, mikia kama taulo zilizoanikwa, na mume wangu akanishika mkono kunionyesha, akasahau kuuachia.

Mchana tukashuka tukaenda Irente. Kama una siku moja tu Lushoto, nenda Irente. Unatembea kwenye vijia vya mashamba, halafu ghafla ardhi inakatika. Chini, karibu mita 1,000, kuna tambarare ya Wamasai, barabara tuliyojia ni uzi, na upepo unapanda kutoka huko ukiwa na joto. Njiani liko shamba la Kanisa la Kilutheri, wanapotengeneza jibini, jemu na mkate mweusi wa Kijerumani, na wanakuandalia chakula cha mchana ukiwaambia mapema. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Nikamwambia kila kitu kuhusu goti, na kufagia ua, na kuamka kabla ya kuku. Akasikiliza. Akasema, "Kumbe." Kisha akampigia Mama akamkaribisha chakula cha usiku.

"Huko wanapika nini ambacho mimi sipiki?" Mama akauliza. Lakini akakubali. Kufuatwa na gari akakataa, eti ana bodaboda wake.

Saa moja na robo tuko barazani, mlango wa mbele, tumevaa vizuri. Saa moja na nusu hakuna mtu. Saa mbili kasoro kumi mume wangu ameshaanza kutembea huku na huku, supu inasubiri, wageni wengine wameketi. Yule mhudumu wa kwaya akaja akaninong'oneza kwa adabu sana kwamba Mama amefika kitambo.

Alikuwa jikoni. Amekaa kwenye stuli karibu na jiko la kuni, kitenge kipya cha bluu, sweta la kazi, hotpoti kubwa la maua mapajani, akiongea na wapishi. Alipita nyuma. Hakuna aliyemwelekeza huko, miguu yake ndiyo iliyoijua njia hiyo. Mume wangu akasimama mlangoni mwa jikoni, na mimi nyuma yake sikuuona uso wake, niliona shingo tu. Akaenda akapiga magoti kwenye ile sakafu ya saruji, na suti yake, akamsalimia. Kisha akamshika mkono, wakazunguka nje wote wawili gizani hadi baraza la mbele, wakaingia kwa mlango mkubwa. Korido ya kutoka jikoni hadi mezani ilikuwa hatua kumi. Hawakuipita.

Mezani Mama aliomba kwanza. Sala ya Mama si ya haraka. Aliwaombea wapishi, waliolima, wasafiri wa barabara ya Soni, wajukuu kwa majina, na wale Wazungu wawili meza ya pili ambao waliweka vijiko chini wakasubiri. Mhudumu alisimama na supu, mikono yote miwili imejaa, macho amefumba. Amina yake ilisikika kuliko yetu.

Supu ilikuwa ileile ya liki. Mama akaonja, akatulia.

"Hii ni nini?"

"Liki, Mama," mume wangu akasema.

"Hii ndiyo liki?" Akaonja tena. "Nimelima liki tangu wewe hujazaliwa. Sijawahi kuila."

Nilidhani anatania. Hakutania. Liki, koliflawa na brokoli ni vitu vya lori, akatueleza. Anakuja mtu wa kununua, anataja bei yake, unapakia, zinakwenda Dar. Nyumbani hupiki kitu ambacho ni pesa, unapika ndizi na maharage. Akamaliza bakuli, akafuta mdomo kwa ile leso ya kitambaa akiwa ameishika kwa pembe tu asiichafue. "Kumbe ni kitunguu tu," akasema, na mume wangu akacheka hadi akakohoa.

Katikati ya meza kulikuwa na chungu kidogo cha maua ya zambarau yenye majani ya manyoya. Wengi mnayajua, yako kwenye madirisha ya Ulaya yote, na Wajerumani wanayaita kwa jina la milima hii, Usambaraveilchen. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua huku akayapeleka kwao, na mwaka uliofuata wataalamu wakayapa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Niliwasimulia hayo kwa kujivuna kidogo, manake niliyasoma kabla ya safari. Mama akayageuza geuza chini ya taa.

"Haya si yale ya kwenye mawe, kule mtoni? Mbuzi hata hawayataki." Akayarudisha mahali pake taratibu. "Wameyatunza vizuri."

Kondoo alimsifia kwa dhati. Alisimulia pia jambo la mama yake mzazi, kwamba miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha watu wa milima hii kulima matuta shambani ili kuzuia udongo usimomonyoke, na asiyelima anashitakiwa. Wanawake ndio waliokuwa na majembe, na wengi walikataa mpaka mpango wenyewe ukafa kabla ya uhuru. "Udongo kweli ulikuwa unakwenda," Mama akasema, "lakini mtu hakuamrishi shambani kwako kama mtoto." Nikaona mume wangu anapata wapi ukaidi wake.

Halafu likaja swali tuliloliogopa. "Sahani hii ni shilingi ngapi?"

Mume wangu akataja. Namjua, alitaja nusu. Mama akaweka uma chini, akamtazama, akatazama karoti, akahesabu kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Hakusema kitu. Akauchukua uma tena akala kila kilichokuwepo, hata majani ya mapambo.

Hotpoti lilikaa chini ya kiti chake muda wote huo. Hakuna aliyelitaja.

Tulimrudisha kwa gari saa nne. Ukungu ulikuwa mzito na tulienda mwendo wa kinyonga. Nikashuka naye kumsindikiza hadi mlangoni nikiwa nimebeba mkoba wake, nikijiandaa kuambiwa tulale. Kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa, nilikiona kwa mlango ulio wazi, na taa imewashwa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakigongana.

"Mkwe wangu," akasema, "ungeniambia tu kwamba umechoka. Mimi nilikuwa mke kwenye nyumba hii hii, mama mkwe wangu chumba cha pili. Unadhani sijui?" Akaninyang'anya mkoba. "Nendeni, mmelipia. Na hiyo hotpoti iko kwenye gari. Chakula cha huko ni kizuri lakini ni kidogo."

Yalikuwa makande, yenye nazi, kama mume wangu anavyoyapenda na kama mimi sijawahi kuyapatia. Saa tano usiku tulikaa chini mbele ya meko ya chumba, kila mtu na kijiko chake cha fedha tulichoomba jikoni, tukala moja kwa moja kwenye hotpoti mpaka chini. Ndani ya ile hoteli yenye kozi tano. Akanisimulia kuhusu ndoo ya plamsi tena, kwa urefu, na habari nyingine ambazo si za gazetini.

Mkitaka kwenda, mahaba yako Lushoto, nawahakikishia, lakini pangeni siku mbili kamili bila ile ya safari, na Juni hadi Agosti mbebe makoti. Plamsi mbichi ni za Desemba hadi Februari, Julai mtapata jemu. Hoteli zenye mlo wa kozi ni chache, lipieni mapema. Zipo pia nyumba za wageni za bei nafuu mjini na za masista, safi na tulivu, na mtakula vizuri tu. Na kama mmoja wenu ana ndugu mlimani, msihangaike na kofia.

Asubuhi ya Jumapili tulipita kwa Mama, tukaenda ibadani, yule kijana wa kwaya akatupungia akiwa mstari wa mbele. Nilifagia ua. Kidogo tu, na mume wangu alishika fagio la pili huku mashangazi wakishangilia kwa vigelegele vya kejeli.

Hotpoti tulilisahau kwenye buti la gari. Sasa liko jikoni kwangu Dar, juu ya friji, limeoshwa. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mimi na mwenzangu tunabishana wiki ya tatu sasa tutakijaza nini. Yeye anasema samaki wa kukaanga kutoka Feri. Mimi nasema supu ya liki, nikijifunza kuipika. Tunabishana kwa mdomo, sebuleni.